Si ujana tu: kwa nini Talk Talk haikutoki masikioni

*"Nilisoma Uholanzi miaka ya themanini, na mwenzangu wa chumba alikuwa na kaseti ya Talk Talk, ile bendi ya Uingereza, iitwayo The Colour of Spring. Tuliipiga mpaka utepe ukaliwa na redio. Nikarudi Tanga, nikafanya kazi, nikalea watoto. Nikiwa nimeshapita miaka arobaini, mpwa wangu aliniletea CD ya Spirit of Eden, albamu yao ambayo sikuwahi kuisikia, na tangu siku hiyo sijaiacha. Sasa nimestaafu. Watoto wangu wananiambia, 'Mama, umekwama mwaka 1986.' Rafiki yangu mmoja anayeujua muziki anasema albamu zile za mwisho ni majidai matupu, ndiyo maana hazikuuzwa. Nimeanza kujiuliza kama ninachokipenda ni muziki au ni ujana wangu. Jambo la pili: nikiisikiliza kwa simu na hedifoni ndani ya daladala, mwanzoni sisikii kitu, naongeza sauti, kisha ghafla kelele inanipasua masikio. Je, faili za mtandaoni zimeharibiwa? Ninunue santuri? Au ni masikio yangu? Mwisho, tangu kaka yangu afariki mwaka jana, wimbo wa 'I Believe in You' unaniliza kila mara. Nimesoma kwamba mwimbaji wao, Mark Hollis, aliuandika baada ya kufiwa na kaka yake. Ni kweli?"*

Dada yangu, pole sana kwa msiba wa kaka yako, na asante kwa barua iliyonyooka. Umeuliza mambo kadhaa kwa pamoja, na naona yanashikana kuliko ulivyodhani. Kazi yangu ni uhandisi wa sauti, kwa hiyo ya studio na ya desibeli, yaani ukubwa wa sauti, nitayajibu kwa kirefu. Ya masikio yenyewe na ya huzuni, nitakueleza ninachokijua kisha nikuelekeze kwa wenye fani yao.

Tuanze na watoto. Wana kipande cha ukweli mkononi. Wanasaikolojia wamegundua kwamba mtu mzima akiulizwa kumbukumbu za maisha yake, nyingi humjia kutoka kati ya miaka kumi na thelathini hivi, na nyimbo za kipindi hicho humgusa kuliko za kipindi kingine chochote. Ni umri wa mambo ya mara ya kwanza: safari ya kwanza, chumba cha kwanza mbali na nyumbani, mapenzi ya kwanza. Ubongo huyahifadhi mambo hayo kwa nguvu, na wimbo uliokuwa ukipigwa wakati huo huhifadhiwa pamoja nayo. Kwa hiyo ukisikia "Life's What You Make It" ukaiona baridi ya Uholanzi na sura ya mwenzako wa chumba, huo ni ujana wako, na hakuna ubaya wowote.

Lakini soma tena barua yako mwenyewe. Albamu ambayo hujaiacha ni Spirit of Eden, na uliisikia kwa mara ya kwanza ukiwa na zaidi ya miaka arobaini, na watoto wako tayari wakubwa. Haina chumba cha Uholanzi ndani yake, wala hukuipokea katika ule umri wa kumbukumbu nzito. Kama ingekuwa ni ujana peke yake, ungebaki kwenye ile kaseti na CD ya mpwa wako ungeisikiliza mara mbili ukaiweka kabatini. Ilivyokuwa ni kinyume. Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza ni kwamba unaupenda muziki, na sababu za kuupenda zimo ndani ya muziki wenyewe. Nyingi kati ya hizo zinaweza kuelezwa.

Kwanza nikurekebishie hadithi kidogo, kwa sababu rafiki yako anaisimulia kama watu wengi wanavyoisimulia: bendi ya nyimbo za dansi iliyojifanya ya wasomi ikafilisika. Talk Talk ilianza London mwaka 1981. Mark Hollis aliimba, Paul Webb alipiga besi, Lee Harris drumu, na Simon Brenner kinanda. Kampuni ya rekodi ya EMI iliwasajili na kuwapa prodyuza Colin Thurston, yule yule aliyekuwa akiwarekodi Duran Duran, na wakatumwa kuwatangulia Duran Duran jukwaani. Jina la maneno mawili, kampuni ile ile, prodyuza yule yule: magazeti ya Uingereza yakaamua kwamba ni nakala, na sifa hiyo ikawaganda. Albamu ya kwanza, The Party's Over ya mwaka 1982, kwa maoni yangu ndiyo pekee iliyozeeka vibaya. Sintesaiza zake zinakwambia mwaka kabla wimbo haujakwambia kitu.

Mabadiliko yalikuja Brenner alipoondoka na Tim Friese-Greene akaingia kama prodyuza na mtunzi mwenza wa Hollis. Hakuwahi kuhesabiwa rasmi kuwa mwanabendi, lakini bila yeye hakuna tunachozungumzia leo. Albamu ya It's My Life ilitoka 1984. Nyumbani Uingereza wimbo wenye jina hilo uliishia nafasi ya 46, ilhali Ulaya bara, kuanzia huko Uholanzi ulikokuwa hadi Ujerumani, Uswisi na Italia, walikuwa nyota wa kweli. "Such a Shame" Mwingereza wa kawaida aliupita tu, ila kwa Mswisi ulikuwa wimbo wa kwanza kwenye chati. Kwa hiyo ukisikia kwamba Talk Talk hawakuthaminiwa, uliza kwanza ni wapi. Mwenzako wa chumba hakuwa na ladha ya ajabu. Alikuwa akisikiliza kilichopendwa mjini kwao.

The Colour of Spring ya 1986 iliingia kumi bora Uingereza kwenyewe. "Life's What You Make It" ulitungwa mwishoni kabisa, baada ya wasimamizi wao kulalamika kwamba albamu haina wimbo wa kupigwa redioni. Usikilize mstari wa kinanda wa upande wa chini: unajirudia mwanzo hadi mwisho na kila kitu kingine kinajengwa juu yake. Mtu aliyeambiwa atoe wimbo wa kuuza akaleta kitu kigumu namna hiyo, na bado kikauzika, si mtu anayejidai. Anajua hasa anachofanya.

Sasa njoo studio, maana hapa ndipo lilipo jibu la kwa nini albamu ya mpwa wako haikuchoshi.

Fedha za The Colour of Spring ndizo zilizowanunulia uhuru. Mwaka 1987 waliingia Wessex, studio ya kaskazini mwa London iliyokuwa zamani jengo la kanisa, pamoja na mhandisi Phill Brown. Walizima taa. Kulikuwa na projekta ya mafuta inayotembeza rangi ukutani, na mle chumba cha mitambo taa ya kumetameta. Wanamuziki waliitwa mmoja mmoja: Danny Thompson na besi lake la kusimama, Henry Lowther na tarumbeta, Nigel Kennedy na fidla, Mark Feltham na harmonika. Hawakupewa karatasi ya nota ya kufuata. Walipigiwa kilichokuwepo, wakaambiwa wajaribu chochote. Kisha Hollis na Friese-Greene wakakaa na saa nyingi za kanda, wakachagua sekunde chache hapa, pumzi moja pale, na sehemu kubwa iliyobaki wakaifuta. Kazi ilikaribia mwaka mzima. Walipofanya albamu iliyofuata, Laughing Stock ya 1991, katika studio ile ile, wanamuziki wapatao 50 walipita mlangoni. Waliobaki ndani ya albamu ni 18.

Fikiria maana yake kwa msikilizaji. Kwa desturi ya miaka ile, maikrofoni ilibandikwa karibu kabisa na kila ngoma, kisha mwangwi ukaongezwa kwa mashine na kukatwa ghafla; ndiyo ile ngoma nzito ya miaka ya themanini inayofanana katika kila wimbo. Phill Brown alifanya kinyume. Alizisimamisha maikrofoni mbali na drumu za Lee Harris, akaacha sauti isafiri ndani ya jengo kabla ya kunaswa. Unachokisikia ni drumu pamoja na ukuta, sakafu na hewa ya mle ndani. Mwanzo wa Laughing Stock, kabla ya nota yoyote, kuna mvumo wa amplifaya kwa sekunde kumi na kitu. Mhandisi mwingine yeyote angeukata. Wao waliuacha, na ukiusikia unajua kwamba kuna chumba, kuna watu, na mmoja wao yuko karibu kuigusa gitaa.

Sikio la binadamu halipokei tu. Linabashiri. Kila wakati ubongo unakisia nota ijayo itakuja lini na ikiwa na nguvu kiasi gani, na raha nyingi ya muziki hutoka kwenye pengo kati ya ulichokisia na kilichokuja. Watafiti wa saikolojia ya muziki wamewauliza wasikilizaji ni wapi hasa mwili huwasisimka, na majibu yamekuwa yakirudi kwenye maeneo yale yale: sauti inapobadilika ghafla kutoka ndogo kuwa kubwa, ala mpya au sauti ya mtu inapoingia, harmonia inapopinda mahali usipotegemea. Wimbo wa kawaida wa redioni hukupa mambo hayo kwenye kiitikio, kwa ratiba. Ukiusikia mara ishirini, ubongo umeikariri ratiba na mshangao umekwisha.

Nyimbo za Spirit of Eden hazina ratiba unayoweza kuikariri kirahisi. Kwenye "The Rainbow" tarumbeta na nyuzi zinaelea kwa muda mrefu bila mapigo ya kushika, kisha gitaa linaingia, na harmonika ya Feltham inakuja imekwaruzwa mpaka unaidhani gitaa la umeme. "Desire" inanong'ona, inalipuka, inarudi kunong'ona. Kwa vile vipande vilitoka kwa wanamuziki ambao hawakuwa wamepanga wala kusikilizana, havianguki mahali ambapo mpangaji wa kawaida angeviweka. Hata baada ya miaka, sikio linaendelea kukosea kidogo ubashiri wake. Hiyo ni sababu ya kiufundi kabisa ya kwa nini unarudi kila siku na kila siku unakuta kitu.

Hollis mwenyewe aliwahi kusema mara nyingi, kwa namna mbalimbali, kwamba nota moja iliyopigwa vizuri ni bora kuliko mbili, na kwamba usikivunje kimya bila sababu. Watu huchukulia maneno hayo kama falsafa. Mimi nayachukulia kama maelekezo ya kazi, maana kanda zinaonyesha aliyatekeleza.

Turudi kwa rafiki yako. Kwamba albamu hazikuuzwa: Spirit of Eden ilifika nafasi ya 19 Uingereza mwaka 1988, bila ziara hata moja, ikiwa na nyimbo sita tu na tatu za kwanza zimeungana bila pengo. Hayo si mauzo ya The Colour of Spring, na EMI hawakufurahi. Uhusiano ulivunjika kwa kesi ya mkataba iliyofika Mahakama ya Rufaa, na bendi ikashinda, ikahamia kampuni nyingine, Polydor. Kilichotokea baada ya hapo kinafundisha zaidi. Mwaka 1990 EMI walitoa mkusanyo wa nyimbo za zamani, Natural History, na ukafika tatu bora. "It's My Life" ile ile iliyokwama nafasi ya 46 ikarudi na kufika ya 13. Mwaka uliofuata kampuni ikatoa albamu ya nyimbo zao zilizochanganywa upya na watu wengine bila idhini yao; bendi ikashtaki, na albamu ikaondolewa sokoni. Hawakuwa wapinzani wa kupendwa. Walikataa kuwekewa jina lao kwenye kazi ambayo si yao.

Kwamba ni majidai: hapa nitamtetea kidogo. Wapo wasikilizaji wazuri, wenye masikio makini, ambao Laughing Stock haiwafikii kabisa, na si wajinga. Katikati ya "After the Flood" kuna nota moja iliyokwaruzwa inayovutwa kwa zaidi ya dakika nzima. Mimi naiona ni moja ya sehemu za ujasiri mkubwa zilizowahi kurekodiwa na bendi iliyotokea kwenye chati; mwenzangu wa kazi hutoka chumbani ikifika. Muziki unaodai utulivu kiasi hiki utawapoteza wengi, na shabiki hana sababu ya kumlazimisha mtu. Ila neno majidai linamaanisha kujionyesha, na Hollis alifanya kinyume cha kujionyesha. Baada ya ziara ya 1986 Talk Talk hawakupanda jukwaani tena. Alitoa albamu moja kwa jina lake mwaka 1998, kisha akaacha. Husemwa kwamba aliugua au alichanganyikiwa. Maelezo yake mwenyewe yalikuwa mepesi zaidi, kwamba hawezi kuwa kwenye ziara na wakati huo huo kuwa baba mzuri, na amechagua familia. Alifariki Februari 2019 akiwa na miaka 64, na wanamuziki waliojitokeza kumshukuru walikuwa wengi kupita kiasi cha mtu ambaye hakuwa ametoa albamu kwa miaka 21. Mkondo mzima wa muziki ulioitwa baadaye posti-roki huanza kuhesabiwa kutoka kwenye albamu zile mbili ambazo rafiki yako anazidharau.

Haya, daladala. Hakuna faili iliyoharibiwa, na wala si lazima masikio yako yawe na kasoro, ingawa tutayaangalia. Hesabu yenyewe iko hivi. Injini, upepo wa dirishani na kelele za konda hufanya ndani ya basi kuwe na desibeli 70 hadi 80. Tuseme umeweka simu kiasi kwamba mlipuko wa "Desire" unafika desibeli 90 sikioni. Sehemu za kunong'ona za wimbo huo huo zinaweza kuwa 55. Zimezama chini ya injini, hazipo. Unaongeza sauti ili uzipate, zinapanda hadi 70, na mlipuko sasa unakuja na zaidi ya 100. Wimbo wa kawaida wa siku hizi haukufanyii hivyo kwa sababu umebanwa kwenye masterin, yaani hatua ya mwisho ya kuandaa rekodi, mpaka sehemu yake ndogo na kubwa zinakaribiana; umetengenezwa kwa ajili ya basi. Spirit of Eden haikubanwa. Umbali ule kati ya mnong'ono na mlipuko ndio utunzi wenyewe.

Watu huchanganya aina mbili za kubana. Faili ya mtandaoni hubanwa ili iwe ndogo, kwa kuondoa taarifa ambazo sikio halingezisikia. Hilo halisogezi sauti ndogo karibu na kubwa. Kubanwa kwa masterin ndiko kunakosogeza. Kwa hiyo ubora wa mtandaoni, ukichagua kiwango cha juu, unatosha kabisa kwa muziki huu. Ingia kwenye mipangilio ya programu yako ya muziki uzime mambo matatu: kuchanganya mpangilio wa nyimbo, kuunganisha wimbo na mwingine kwa kufifisha, na chaguo lolote la kufanya sauti iwe kubwa zaidi, kwa sababu hilo huwa linabana vilele. Upande wa kwanza wa albamu uliungwa bila pengo. Simu ikiufifisha katikati, imekuharibia kazi ya miezi.

Santuri sikushauri, ingawa najua inavyopendeza, hasa kwa michoro ya James Marsh kwenye majalada. Kwenye muziki wenye kimya kingi, kila punje ya vumbi inasikika, na hewa ya pwani yenye chumvi na joto haina huruma kwa santuri wala kwa mashine yake. Nakala za zamani zinauzwa ghali na huwezi kuzisikia kabla ya kulipa. Ungekuwa na mashine nzuri tayari na mtu wa kuitunza, ningesema vingine. CD yako, iwe ya 1988 au ile iliyosafishwa upya mwaka 1997, ikipigwa kwenye spika mbili za kawaida zilizotenganishwa na kuelekezwa kwako, ndani ya chumba usiku feni ikiwa imezimwa, itakupa zaidi ya santuri ya bei kubwa. Weka kiwango cha sauti kwa kutumia sehemu yenye kelele kubwa kwanza, iwe ya kustahimilika, kisha rudi mwanzo usiguse tena. Ile dakika ya kwanza itakuwa ndogo. Iache iwe ndogo. Masikio hujirekebisha kwenye ukimya baada ya muda mfupi.

Ndani ya daladala pigeni The Colour of Spring, wewe na hedifoni zako. Inavumilia. Kama lazima iwe Spirit of Eden, tafuta hedifoni za kuziba sikio vizuri au zenye uwezo wa kufuta kelele za nje, ili usilazimike kupandisha sauti. Shirika la Afya Duniani linashauri kutozidi saa 40 kwa wiki kwenye desibeli 80. Ukifika 90, kiasi hicho kinashuka hadi saa nne kwa wiki. Safari zako za kila siku zinaweza kuzimaliza saa hizo nne kabla ya Alhamisi.

Sasa masikio. Baada ya miaka sitini ni kawaida usikivu kupungua kuanzia sauti nyembamba za juu: matoazi, pumzi, herufi kama s na f. Hollis anaimba akizimeza konsonanti, kwa hiyo kutoyashika maneno yake si dalili ya ugonjwa. Maneno hayo, kwa maandishi ya mkono wake, yaliwekwa ndani ya jalada. Lakini kama unawaomba watu warudie maneno nyumbani, kama televisheni imekuwa ikipandishwa mwaka hadi mwaka, au unasikia mlio usioisha, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo ukafanyiwe kipimo cha usikivu. Hakiumi. Unakaa kwenye chumba kimya, unavaa hedifoni na kubonyeza kitufe kila usikiapo mlio. Pengine ni nta tu, na hiyo huondolewa hapo hapo. Usiichokonoe kwa kijiti cha pamba, utaisukuma ndani. Jambo moja halisubiri: sikio moja likipoteza usikivu ghafla, ndani ya saa au siku chache, nenda hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu dawa husaidia zaidi zikianza mapema. Mlio wa sikio moja tu nao usiupuuze.

Nimebakiza kaka. Ulichokisoma si sahihi, na ukweli wake ni mzito kuliko hadithi. "I Believe in You" ni wimbo kuhusu heroini na kinachofanya kwa mtu. Kaka mkubwa wa Mark, Ed Hollis, ndiye aliyemwingiza kwenye muziki. Alikuwa meneja wa bendi ya Eddie and the Hot Rods na alikuwa na rundo la santuri za kila aina ambazo mdogo wake alikulia ndani yake. Ed alikuwa mtumiaji wa dawa hizo kwa miaka mingi, na alifariki 1989. Albamu ilitoka Septemba 1988. Wimbo uliandikwa na kurekodiwa akiwa hai. Mark alikataa kusema kwamba ni wa kaka yake. Alisema alikuwa ameona watu wakiharibikiwa hivyo. Basi tusimlazimishe. Ila si wimbo wa maombolezo. Ni wa mtu anayemtazama mwingine akiwa bado yupo, na kwaya ya vijana ya Kanisa Kuu la Chelmsford inapoingia, inaingia juu ya mtu ambaye bado anaweza kuokolewa.

Labda ndiyo sababu unakuliza zaidi ya nyimbo za msiba. Kulia huko hakuna kasoro. Wimbo usiokwambia ujisikie vipi, uliojaa nafasi, hupokea unachokuja nacho, na mwaka huu umekuja na kaka yako. Endelea kuusikiliza kama unakuacha mwepesi baada ya machozi. Kama unakuacha mzito siku nzima, kama usingizi au hamu ya kula imekutoka, kama umeanza kuwakwepa watu, au mwaka umepita na uchungu uko pale pale ulipokuwa wiki ya mazishi, zungumza na daktari au mshauri nasaha, na mwambie mmoja wa watoto wako akusindikize. Ukijikuta unawaza kwamba ni afadhali usingekuwepo, usingoje miadi. Nenda kituo cha afya kilicho karibu siku hiyo.

Na hao watoto wanaokucheka, usiwaanzishie Laughing Stock. Walio wakubwa kati yao wanaijua bila shaka "It's My Life" ya No Doubt ya 2003, iliyofika kumi bora Marekani, na pengine hawajui ni ya nani. Wapigie ile ya 1984 na uwaonyeshe video yake, ambamo Hollis amesimama kati ya wanyama akiwa amefunga mdomo, anakataa kuigiza kuimba. Kisha wapigie "Chameleon Day" kutoka kwenye ile ile The Colour of Spring. Ni fupi, haifiki dakika nne, haina drumu, na ndani yake Spirit of Eden yote imeshaanza. Akitokea mmoja akaomba inayofuata, unayo CD.